Mishiri Iliyopanda Ndege

"Dada, achilia hilo koti."

"Achilia wewe. Mimi ndiye nililiona kwanza."

"Uliliona, mimi nikalishika. Toi hatununui kwa macho."

Soko la Toi siku hiyo ya Jumamosi lilikuwa limefurika. Mitumba ilikuwa imerundikwa hadi kifuani, wachuuzi wakiimba "chagua chagua, bei ya kutupa," na vumbi la Oktoba likiingia mpaka kwenye meno. Katikati ya zogo hilo, mikono miwili ilikuwa imeng'ang'ania koti moja. Lilikuwa koti zito la sufu, kijani kibichi, lenye vifungo vikubwa vya pembe.

Mkono mmoja ulikuwa wa Nzembi, binti wa Kitui, mkaazi wa Soweto East kule Kibera. Alivaa rinda la maua ya zambarau na raba nyeupe, nywele kasuka mistari ya kwenda nyuma, shingo ndefu, na mdomo usioazima maneno kwa jirani. Mkono wa pili ulikuwa wa Nashon, kijana mrefu wa kutoka kando ya Ziwa, mpangaji wa Kawangware. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ikatoa makali, na viatu vyake viling'aa humo vumbini kama vya bwana harusi aliyepotea njia.

"Jua lote hili, koti la nini? Una malaria?" Nashon akauliza.

"Nafanya kazi kwenye chumba cha baridi, kule karibu na kiwanja cha ndege. Tunafunga mishiri, yale maharagwe mabichi ya Wazungu. Nikitoka humo, meno yanapigana yenyewe. Haya, na wewe?"

"Naenda London."

Nzembi akamtazama kutoka viatuni hadi utosini. "London? Wewe?"

"Wiki moja tu. Ni mkutano. Niko na mkataba wizarani. Tunapanga jinsi serikali itakavyopunguza moshi wa meli na ndege, hewa isizidi kuharibika."

"Na huko mnaenda na nini?"

Nashon akakohoa. "Na ndege."

"Aiya!" Nzembi alicheka mpaka akaegemea rundo la suruali. "Mnapanda ndege kwenda kusema ubaya wa ndege! Haki serikali hii itatuua na kicheko."

Mwenye mali alikuwa amechoka. "Nyinyi wawili, mnanunua ama mnaoana? Nijue kama nifunge kibanda nije harusini."

Wakatazamana, na wote wawili wakaona haya. Nashon ndiye aliyelipa.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Mimi nalivaa wiki moja, nikirudi ni lako milele."

"Nitajuaje kama utarudi?"

"Chukua namba yangu."

"Ujanja wa zamani huo, kaka." Lakini alichukua.

Na Nashon alirudi. Alimletea koti mpaka mlangoni, limekunjwa vizuri, linanuka sabuni ya ugenini. Kavetsa, jirani yake Nzembi, msusi mwenye macho ya kuona mpaka nyuma ya ukuta, alimkagua mgeni akapiga mbinja. "Huyu ndiye wa koti? Nzembi, usipomtaka, sema mapema wengine tujipange."

Kwenye mlango wa Nzembi palikuwa na namba iliyopakwa kwa rangi nyekundu. Nashon aliigusa kwa kidole.

"Hiyo ni ya watu kama wewe," Nzembi akamwambia. "Watu wa mipango. Walikuja wakatuhesabu, wakasema Soweto East tutajengewa ghorofa. Rangi inafifia, ghorofa siioni. Na mpango wako wewe ni wa lini?"

"Sisi wetu ni hatua za karibu."

"Karibu ni lini?"

"Miaka mitatu."

"Ikiwa miaka mitatu ndiyo karibu, mbali ni ahera!"

Basi mapenzi yakaanza hivyo, kwa kuchekana. Simu zikawa haziishi. Nashon akipiga jioni, Nzembi hushika kwa mlio wa kwanza kisha husingizia kwamba alikuwa na shughuli.

"Sasa, jaber?" Hilo ndilo jina alilompa, yaani mrembo kwa Kijaluo.

"Poa. Nani huyu?"

"Kwani una wangapi wanaokuita jaber?"

"Foleni ni ndefu, subiri namba yako."

"Nimekumiss, bwana."

"Njoo basi. Ama hiyo nayo ni hatua ya karibu, nikungoje miaka mitatu?"

Jumapili moja, wakila samaki kwa Kavetsa, Nzembi alimwambia jambo bila kucheka. "Nash, kwetu Ukambani hatua ya karibu inajulikana. Mbuzi watatu. Wanaitwa mbuzi wa ntheo. Bila hao, hata tukizaa watoto kumi, mimi bado ni wa baba yangu, na wewe ni mpita njia tu."

"Baada ya Krismasi," Nashon akajibu papo hapo. "Mbuzi watatu, nawapeleka Kitui mwenyewe."

"Unasema ama unaapa?"

"Naapa."

Nzembi akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa stika ndogo ya mviringo, yenye picha ya ndege ya buluu. Akachukua simu ya Nashon, akaibandika nyuma, akaisugua kwa dole gumba.

"Unajua hii ni nini? Hizi zimekuja mwaka huu. Tunabandika kwenye zile pakiti zinazopanda ndege. Ile mbaya haipandi ndege, inauzwa hapa hapa sokoni. Kwa hiyo ukiona stika hii, ujue ni ile mishiri safi kabisa, na imepita mikononi mwangu. Nilimpelekea mama moja, ameibandika mlangoni. Wageni wote wa Kitui wanaonyeshwa: binti yangu anapakia vitu vya ndege!"

Nashon akaitazama ile stika, akaweka samaki chini. Kule London alikuwa ameiona dukani, kwenye rafu. Aliuliza, akaelezwa. Wenye maduka waliiweka ili mnunuzi ajue kitu hiki kimeletwa kwa ndege, kimechafua hewa, afikirie mara mbili kabla ya kukitia kikapuni. Ilikuwa stika ya kumwonya mtu. Akafungua kinywa aseme. Akaona uso wa Nzembi ulivyong'aa kwa fahari, akakifunga.

"Ni nzuri," akasema.

Nashon wewe! Hapo ndipo ungesema. Mimi ninayesimulia nimekaa nikafikiri mara nyingi, na bado nataka kumzaba kofi mtu huyu ninayempenda. Neno moja tu, huku samaki bado ni moto, na yote yangekwisha kwa kununiana siku mbili. Lakini wanaume wetu hudhani kunyamaza ni upole.

Wiki moja kabla ya Krismasi, wizara iliita wadau kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini. Wenye viwanda walikuja, wenye mashamba wakaja, na kila kiwanda kikaombwa kilete mfanyakazi mmoja. Kiwanda cha akina Nzembi kilimchagua yeye kwa sababu ya ule mdomo. Hakumwambia Nashon, alitaka kumsimulia baadaye ajivune. Alivaa koti lake la kijani na hereni mpya, akaketi safu ya tatu, akanywa maji ya chupa kama waziri.

"Sasa kijana wetu atusomee hatua za karibu," bosi mmoja wa wizara akasema.

Aliyesimama alikuwa Nashon wake! Nzembi nusura apige makofi. Nashon alikuwa ameinamia karatasi, hakumwona. Akasoma. Ndege zikiwa zimesimama uwanjani zizime injini, zichomekwe kwenye stima, yaani umeme wa uwanja. Meli zikitia nanga bandarini Kilindini zifanye vivyo hivyo. Mafuta ya mbegu za mbono yajaribiwe kuchanganywa na ya ndege. Nzembi akitikisa kichwa, akikubali yote.

"Na katika miaka mitatu," Nashon akaendelea, "mishiri na mboga nyingine ziondolewe kwenye ndege, zisafiri kwa meli ndani ya makontena ya baridi."

Nzembi akaweka chupa chini.

"Waonyeshe ile picha," bosi akamwagiza. Ukutani ikatokea stika ya mviringo, ndege ya buluu, kubwa kuliko mlango. "Waambie maana yake."

Nashon akainua macho kuangalia watu, na ndipo alipoliona koti.

"Waambie, kijana."

"Ni... ni onyo," Nashon akasema. "Inamwambia mnunuzi wa Ulaya kwamba bidhaa hii imechafua hewa. Kwamba ni bora asiinunue."

Ukumbi ukavuma. Nzembi akasimama bila kuitwa.

"Samahani. Mimi naitwa Nzembi, nabandika hizo. Sisi wanawake wote wa kule tunazibandika. Mnataka kusema tumekuwa tukiibandikia mishiri yetu matusi kwa mikono yetu wenyewe?"

Akamgeukia bosi.

"Na mishiri ikienda melini, sisi tunaenda wapi?"

Nashon akamtazama bosi. Bosi akamwonyesha mstari kwenye karatasi. Na Nashon, Mungu amsamehe, akausoma: "Wafanyakazi watazingatiwa kadiri hali itakavyoruhusu."

Alimkuta nje, kwenye ngazi.

"Nzembi, jaber, ngoja."

"Usiniite hivyo. Ulijua tangu lini?"

"Mambo ya meli hayakuwa yameamuliwa..."

"Sikuulizi ya meli! Kazi huja na huenda. Nakuuliza stika. Ulijua siku ile nilipokubandikia?"

Nashon akaigusa simu mfukoni.

"Ulijua. Ukaniacha nijisifu. Mama yangu ameibandika mlangoni, Nashon! Anaonyesha wageni! Na wewe ukakaa pale na samaki wako ukaniambia ni nzuri."

"Niliogopa kukuumiza."

"Kwa hivyo sasa hujaniumiza?" Machozi yalikuwa yamemshinda. "Mbuzi wako wale mwenyewe."

Akaondoka, na koti lake zito, kwenye jua la Desemba. Nashon alipiga simu jioni hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Kila mara sauti ya yule mwanamke wa mashine ilimwambia kwa adabu kwamba mteja aliyempigia hapatikani kwa sasa.

Kisha, baada tu ya Krismasi, watu wakapiga kura ya kumchagua rais. Foleni zilikuwa ndefu, watu wametulia, wengine wamebeba viti kutoka nyumbani. Jumapili ile matokeo yalipotangazwa na upande mmoja ukayakataa, kabla hata jua halijazama, moshi ulikuwa umesimama juu ya Kibera. Mimi nilikuwepo na bado siamini. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi asubuhi, jioni walikuwa wakiulizana makabila. Soko la Toi likateketea lote, vibanda na mitumba, mpaka kile kibanda cha koti. Jamani, ni sisi kweli? Watu walisimama milangoni wakishika vichwa.

Kawangware, Mumbi, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga, alimgongea Nashon mlango, leso imeanguka na hajui.

"Nashon, vaa viatu utoke. Vijana wanauliza vyumba vya Wajaluo. Nimewaambia umeenda kwenu Krismasi, hawajaniamini."

"Mama Mumbi, hawa si ni vijana wa hapa? Nacheza nao mpira."

"Hata mimi nawajua. Mmoja nimemzalisha mama yake kwa mikono hii." Akamtupia viatu. "Ngai, toka, mwanangu! Pitia ua wa nyuma."

Akatoka na shati alilovaa na simu mfukoni. Alijificha kanisani na wengine, hawajui kama nje ni mchana wa aina gani. Simu ilikufa, chaji hakuna. Na hata wenye chaji hawakuwa na la kufanya, maana maduka yalifungwa na kadi za simu hazikupatikana popote.

Soweto East, Nzembi alikuwa amejificha kwa Kavetsa. Alimtumia Nashon ule ujumbe wa bure, tafadhali nipigie, akatuma tena, akatuma mpaka mtandao ukamkatalia.

"Si ulisema humtaki?" Kavetsa akamuuliza kwa upole.

"Nilisema hivyo akiwa hai, Kavetsa. Nataka kumkasirikia mtu aliye hai."

Asubuhi ya kwanza iliyokuwa na utulivu kidogo, alivaa koti lake akaondoka kwa miguu kwenda Kawangware. Na asubuhi hiyo hiyo, sikia maajabu, Nashon alitoka kanisani akaondoka kwa miguu kwenda Kibera. Mmoja alishika barabara kubwa. Mwingine, akiogopa vizuizi, alipitia vichochoroni. Wakapishana hivyo, kila mmoja akimtafuta mwenzake.

Nzembi alifika kwenye ploti akasimama. Safu nzima ya vyumba ilikuwa nyeusi. Mabati yalikuwa yamejikunja, na kitanda cha Nashon kilibaki vyuma tu. Mumbi hakuwepo. Vijana walikuwa wamemwita msaliti, akakimbilia kwa dadake. Alikuwepo mtu mmoja tu, akiokota misumari kwenye majivu.

"Kaka, aliyekuwa akiishi hapa yuko wapi? Yule mrefu, wa wizara?"

Yule mtu hakuinua hata kichwa. "Yule Mjaluo? Si alichomwa humo ndani. Hivyo ndivyo wanasema."

Nzembi hakulia. Aligeuka akatembea, na miguu ilikuwa ikienda yenyewe. Kwenye kizuizi cha barabarani vijana wakamnyang'anya simu, akawapa kama anayetoa salamu. Huko Kibera nako, Nashon alikuta mlango wenye namba nyekundu umelala chini na chumba kimeporwa.

"Yawa! Nashon, uko hapa?" Kavetsa alishika kinywa. "Na yeye ametoka kukutafuta! Amevaa lile koti."

Walingoja. Jua likazama, Nzembi hakurudi. Kesho yake hakurudi. Nashon akamtafuta hospitalini. Akamtafuta kule ambako watu huenda kutambua wafu wao, akaulizwa alivaa nini, akasema koti la kijani, akatikisiwa kichwa, akatoka. Kiwandani simu ililia bila kushikwa.

Ndipo alipofika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako waliofukuzwa makwao walikuwa wamejaa na magodoro na watoto na kuku. Akatembea kati ya moto wa kupikia, akiangalia kila uso. Akaliona. Koti la kijani, vifungo vya pembe, mgongo wa mwanamke anayepanga foleni ya unga.

"Nzembi!" Alikimbia, akaruka sufuria ya watu, akamshika bega. "Nzembi, jaber, nisamehe..."

Mwanamke akageuka. Hakuwa yeye. Alikuwa mtu mzima, uso umevimba, na ndani ya koti alikuwa amefunga mtoto mchanga.

Nashon akalishika koti kwa pindo. "Hili koti umelitoa wapi? Niambie ukweli, mama. Aliyelivaa yuko wapi?"

"Sikuiba!" Mwanamke, jina lake Nduta, akalikaza kifuani. "Tulikuwa tumeketi kando ya barabara, tumefukuzwa Kibera usiku, mtoto amekuwa baridi kama jiwe. Dada mmoja akapita. Akavua akanivisha, sikumwomba. Nikamwambia, dada, na wewe? Akasema yeye amezoea baridi."

"Alikuwa mzima?"

"Mwili ulikuwa mzima. Lakini alikuwa akisema peke yake. Ati mtu wake amechomwa ndani ya nyumba, na walikuwa wamekosana. Alisema, nilimwambia ale mbuzi wake mwenyewe, hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu." Nduta akamtazama vizuri. "Uuui. Ni wewe?"

Nashon alikaa chini kwenye matope akalia mbele ya foleni nzima.

"Usilie, enda," Nduta akamsukuma. "Lori la kiwanda lilikuwa likiokota wafanyakazi wa kule kwa ndege. Nilimwona akipanda. Enda!"

Kiwandani, wafanyakazi walikuwa wakilala humo humo kwenye magodoro, kwa sababu ndege zilikuwa zinaendelea kuruka na mishiri haingoji amani. Askari wa geti alimkatalia. Nashon akapiga kelele za jina hilo mpaka wanawake wakatoka wakiwa na kofia zao nyeupe za kazi. Katikati yao, Nzembi, amejifunga blanketi.

Alimwona. Trei ikamdondoka, mishiri ikamwagika miguuni.

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana. Wewe umekufa."

"Sijafa, jaber."

"Nimekiona kitanda chako!"

"Mumbi alinitoa kabla."

Alikuja polepole akapitisha mkono kwenye vyuma vya geti, akamgusa pua, akamgusa kidevu, akamvuta sikio kwa nguvu mpaka Nashon akalalamika. Hapo ndipo alipopiga ukelele, na wenzake wote wakapiga naye. Alilia mpaka akashikilia geti asianguke. Alipopata pumzi alijifuta uso kwa blanketi, akamtazama.

"Umefufuka. Asante Mungu, asante, asante." Akalikaza blanketi mabegani. "Lakini sijakusamehe."

"Nzembi!"

"Nimelia kifo, sasa narudi kudai la hai. Ulininyima ukweli mbele ya watu na faraghani. Siku utakaposema jambo mbele ya watu bila kumtazama bosi wako, nitafute."

Akaokota mishiri yake, akarudi ndani kwenye baridi.

Februari, pigo likaja ambalo hakuna mpango ulioliandika. Wanunuzi wa Ulaya walipunguza oda. Walisema wateja wao wanaiogopa ile stika, na sasa wanaiogopa na nchi yenyewe. Kiwanda kikafuta kazi nusu ya wanawake kwa asubuhi moja, na Nzembi akiwemo. Walisimama nje ya geti wakiwa bado na kofia zao kichwani. Serikali ilikuwa imeomba miaka mitatu, na hiyo ndege ya kubandikwa haikungoja hata mwezi wa tatu.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono na nchi ikapumua, wizara iliwaita wadau tena, katika ukumbi ule ule. Nzembi hakualikwa, kwa kuwa hakuwa na kazi ya kuwakilisha. Alikuja hivyo hivyo, na rinda lake la zambarau, akasimama mlangoni.

Nashon alisoma. Injini zizimwe, meli zichomekwe stima, mbono, makontena. Alipomaliza, Nzembi akainua mkono kutoka kule nyuma.

"Mimi sipingi tena meli," akasema. "Ndege imetutupa kabla yenu. Nauliza lile nililouliza Desemba. Hayo makontena nani atayajaza? Sisi tuko wapi?"

Bosi akaweka kidole kwenye karatasi, mstari ule ule. Ukumbi mzima uliona kidole hicho. Nashon alikitazama. Kisha akaikunja karatasi.

"Hammo," akasema. "Nimeandika mpango huu mwenyewe na nawaambia hammo. Tumepanga stima ya meli, hatukupanga mama mmoja wa kufunga mishiri. Naongeza sasa, na mwandike: waliofunga kwa ajili ya ndege wafundishwe na waajiriwe kwanza kwenye makontena, kabla pakiti moja haijaondolewa ndegeni. Bila hilo, huu si mpango, ni stika nyingine tu ya kuwabandikia watu."

"Kijana, kaa chini," bosi akanguruma.

"Nimemaliza sentensi moja, bado moja." Akatoa simu yake akaiinua, watu waione mgongo wake. "Hii nilibandikiwa na mtu aliyejivunia kazi yake. Nilijua maana yake, nikamwambia ni nzuri. Nilikuwa mwoga. Ni hilo tu."

Mwenye kiwanda mmoja akaanza kupiga makofi, kisha safu nzima. Waandishi wakaandika. Bosi akaandika pia, hakuwa na njia, wageni walikuwa wakimtazama. Lakini kabla ya chai Nashon alikuwa ameshaambiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa.

Alimkuta Nzembi kwenye ngazi zile zile. Safari hii hakuwa akiondoka.

"Wamekufuta?"

"Mwisho wa mwezi."

"Hata mimi sina kazi. Aiya, tumefanana!" Alicheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. "Na koti nimeligawa."

"Najua. Nimelikimbilia mpaka nikamshika bega mke wa watu."

Nzembi akachukua simu ya Nashon, akaigeuza. Stika ilikuwa imechakaa, imebaki bawa moja na mkia. "Hii hujaibandua?"

"Nilijaribu. Nikakumbuka dole gumba lako."

Nzembi akamrudishia simu. Kisha akamrekebishia kola ya shati, polepole, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake.

"Nzembi," Nashon akasema, "mbuzi watatu kwa sasa siwezi. Sikudanganyi."

"Hivyo ndivyo nilivyotaka uniambie tangu mwanzo. Ukweli, ukiwa bado moto." Akamshika mkono. "Sikiliza, Jaluo wangu. Mmoja umlete Kitui kabla ya Pasaka, wewe mwenyewe, na mama yangu umweleze stika kwa mdomo wako."

"Nitamweleza. Na hao wawili?"

"Hao wawili," Nzembi akasema, "hata wakija kwa meli, nitawangoja."